Kilima Kilekile, Julai Nyingine

Rangwe hakuna msimu wa baridi unaopukutisha majani ya nchi nzima kwa mkupuo. Iko kusini kidogo ya ikweta, katika Kaunti ya Homa Bay, na rangi za mashamba yake huletwa na mvua. Chwiri, kama Waluo wa huku wanavyoyaita masika, hupandiwa mahindi Februari na Machi. Kufikia Julai na Agosti makonde yamegeuka rangi ya majani makavu. Hufuata opon, mvua za vuli, kisha oro, kiangazi, ambapo mti wa orembe huweza kusimama bila jani hata moja, umejaa maua mekundu. Anayetaka kuyafuata haya kwa kamera mwaka hadi mwaka ana kazi tofauti na ya mwindaji wa picha moja nzuri, na kazi yake ina vipimo vyake.

Kipimo cha kwanza ni pale aliposimama. Picha za miaka miwili zikiwekwa ubavu kwa ubavu, jicho lisikimbilie rangi. Litafute kitu cha karibu kinachokatiza kitu cha mbali: tuseme shina la mti wa siala mbele, na mgongo wa Mlima Homa kule kaskazini. Shina likikata mgongo wa mlima palepale, miguu ilisimama palepale. Likisogea hata upana wa kidole, mpiga picha alihama, na hakuna kupunguza kingo wala kunyoosha kwenye kompyuta kutakakoirekebisha picha hiyo. Fundi makini huchagua alama isiyohama, kama jiwe lililozama ardhini au kona ya msingi wa nyumba, akapima na kimo cha lenzi kutoka chini. Kutegemea mti peke yake ni kosa: siala ni mti wa mbao na nguzo, na ipo siku mwenyewe ataukata.

Mwanga wa ikweta nao una tabia zake. Jua hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa, hivyo mwanga laini wa asubuhi hauna subira. Adhuhuri ya Juni jua huwa upande wa kaskazini, adhuhuri ya Desemba upande wa kusini. Anayeutazama Mlima Homa kutoka Rangwe huwa na jua mbele yake Juni, na mlima hufifia; Desemba jua liko mgongoni, na mikunjo ya mlima husomeka mmoja mmoja. Mfululizo unaochanganya miezi hiyo miwili huonyesha safari ya jua zaidi ya mabadiliko ya ardhi.

Kwenye suala la tarehe ndipo wapiga picha wanapogawanyika. Wengi hungoja mahindi yakauke sawasawa, rangi ikolee, ndipo watoke. Picha zao hupendeza, lakini mfululizo wao hauna thamani kubwa. Mvua ikichelewa wiki tatu, na mpiga picha naye akachelewa wiki tatu, picha zote zitafanana na ule uchelewaji utakuwa umefutwa. Anayepiga tarehe 25 Julai, liwe liwalo, mwaka mmoja atapata mabua yaliyokwisha kukatwa, mwaka mwingine shamba bado la kijani. Tofauti hiyo ndiyo aliyoifuata, na hapo ndipo mfululizo bora hujitenga na albamu ya picha nzuri.

Kisha isogelewe picha yenyewe. Je, mistari ya mahindi ya karibu inasomeka jani kwa jani? Jani la chini lililokauka kwa sababu zao limekomaa halifanani na jani la mmea ungali mchanga linaloanza umanjano nchani na kushuka na mshipa wa kati. Hilo la pili linalia njaa ya naitrojeni. Picha nzuri humwezesha mkulima kuyatofautisha. Halafu kuna zambarau. Mgeni huona zulia la maua ya waridi na zambarau katikati ya mahindi akafurahi, kumbe ni kayongo, gugu la kiduha linalofyonza mizizi ya mahindi na mtama. Mche mmoja huweza kuzaa makumi ya maelfu ya mbegu, nazo hukaa udongoni miaka mingi. Mfululizo uliopigwa kwa uaminifu utaonyesha zulia hilo likitanuka, au likirudi nyuma shamba linapozungushiwa nyasi za napia na kupandwa desmodiamu kati ya mistari, mbinu ya Vuta Sukuma iliyokuzwa na watafiti wa kituo cha icipe huko Mbita, kaunti hiyohiyo.

Ndiyo maana simu inayokoleza rangi yenyewe ni adui wa kazi hii. Kijani kikizidishwa, njaa ya naitrojeni hupotea. Dawa ni kufunga mipangilio ya rangi na mwanga, na kuacha katika kona ya fremu kadi ya kijivu ileile kila mwaka.

Umri huipa kazi hii nguvu. Mwanaanthropolojia Edward Evans-Pritchard alipiga picha katika nchi ya Waluo mwaka 1936. Zimehifadhiwa katika makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, na mwaka 2007 nakala zilirejeshwa Nyanza kwa maonyesho yaliyoitwa Paro Manene. Picha za barafu ya Lewis, Mlima Kenya, tangu msafara wa Halford Mackinder wa 1899, zimekuwa ushahidi wa barafu hiyo kusinyaa.

Mwisho, mnunuzi au mhariri ahesabu miaka. Mpiga picha akiruka mwaka wa ukungu, au mwaka ambao moshi wa mashamba yanayochomwa uliufunika mlima, ameondoa kipande cha kumbukumbu kwa sababu hakikupendeza. Picha ya ukungu ibaki mahali pake, nyuma yake pameandikwa tarehe, saa, kimo cha lenzi, mwelekeo, na kilichokuwa kimepandwa.