Mkono Unaofunga Nyaya

Miongoni mwa ndege zinazotua Kilwa Masoko ni Cessna Caravan, na ndani yake zama tatu zinaishi pamoja. Rubani akivuta usukani, kamba za chuma zinazopita kwenye kapi ndizo zinazogeuza mkia. Akikanyaga breki, mafuta ya haidroliki yanasukuma. Akishusha flapu za mabawa ili atue taratibu, mota ya umeme ndiyo inayofanya kazi.

Dreamliner ya Air Tanzania, iliyowasili Dar es Salaam Julai 2018, imeusogeza umeme mbali zaidi. Ndege nyingi za jeti hukamua hewa ya moto kutoka kwenye injini ili abiria wapumue na barafu iyeyuke mabawani. Kwenye Dreamliner, yaani Boeing 787, kazi hizo zimepewa umeme, na breki pia. Haidroliki imebaki na shughuli zake, kama kukunja magurudumu, lakini eneo lake limepungua.

Wengi husifu uhandisi huo wakamsahau fundi. Bomba la mafuta likivuja hujitangaza: doa sakafuni, harufu puani. Waya hauna uungwana huo. Ukisuguana na ukingo wa chuma, ngozi yake huchubuka polepole mahali pasipofikiwa na jicho. Ndiyo maana fundi umeme wa ndege hukusanya nyaya mafungu mafungu, akayafunga kwa uzi maalumu, fundo baada ya fundo. Akilegeza, fungu litacheza. Akikaza mno, uzi utakata ngozi ya waya. Karibu na plagi huacha nyaya zining'inie kidogo chini yake, ili maji yadondoke yasiingie ndani. Waundaji wa mitepe, vyombo vya pwani yetu vilivyoshonwa kwa kamba za nazi badala ya misumari, wangeutambua mkono huo.

Kuanzia Kilwa hadi Lindi upepo una chumvi, na chumvi hula pini za plagi. Hapo kazi ya fundi ni kushuku: afungue, asafishe, apime, afunge tena. Umeme nao una moto wake. Januari 2013 Dreamliner duniani kote zilizuiwa kuruka baada ya betri za ndege mbili kupata joto kupita kiasi.

Mei 2020, huko Marekani, Caravan iliyofungwa mota ya umeme badala ya injini yake iliruka takriban nusu saa. Kilwa si mgeni wa habari za umeme: tangu 2004 gesi ya Songosongo, kisiwa cha wilaya hii, inazalisha umeme Dar es Salaam. Kijana wa huku anayetamani kusomea matengenezo ya ndege asidhani kwamba mafuta yakipungua, kazi imekuwa nyepesi. Umeme umepunguza mabomba, ukaongeza yale ambayo fundi lazima ayajali bila kuyaona.