Subira ya Mwandishi na Hukumu ya Mchapishaji

Wahenga walisema kwamba subira huvuta heri. Wakasema pia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mwandishi ambaye mswada wake umerudishwa na mchapishaji hujikuta katikati ya methali hizi mbili. Ya kwanza yamwambia ashikilie kazi yake. Ya pili yamwonya kwamba kushikilia jambo lenye kasoro ni ukaidi mtupu. Aghalabu habari za waandishi waliokataliwa kisha wakasifika husimuliwa kwa ajili ya ile methali ya kwanza peke yake. Twaambiwa kwamba fulani alikataliwa mara nyingi, hakukata tamaa, na mwisho akashinda. Habari hizo zapendeza, lakini hazitoshi. Waliokataliwa ni wengi mno, na tunaowakumbuka ni wale wachache waliofaulu. Kwa hiyo kukataliwa peke yake si dalili ya kipaji. Swali lenye faida ni hili: mchapishaji alikataa kitu gani, na mwandishi alijibu namna gani? Na tuzitazame kazi mbili zilizokataliwa, moja ya Uingereza na moja ya kwetu Kenya.

William Golding alikuwa mwalimu wa shule ya wavulana mjini Salisbury, katika Uingereza. Aliiandika riwaya yake katika madaftari ya shule, akitumia nafasi ndogo alizozipata kati ya kazi zake za kufundisha. Mswada huo, alioupa jina Strangers from Within, ulipelekwa kwa wachapishaji kadhaa, na kila mara ulirudi. Ulipofika kwa Faber and Faber, London, mwaka 1953, karatasi zake zilikuwa zimekwisha chakaa. Msomaji aliyekuwa na kazi ya kuipima miswada ya nyumba hiyo aliuona kuwa ni upuuzi wa kuchosha, akashauri ukataliwe. Lakini mhariri mmoja, Charles Monteith, aliyekuwa bado mgeni katika kazi hiyo, aliuchukua akausoma.

Mswada ulianza kwa maelezo ya vita vya mabomu ya nyuklia, na watoto hawakufika kisiwani ila baada ya maelezo hayo kwisha. Monteith alipofika penye watoto, hadithi ilimnasa. Alitambua kwamba nyumba ilikuwa imara, bali mlango wake ulikuwa mbovu. Alimshauri Golding auondoe mwanzo ule, na tena apunguze mambo ya kijana Simon, ambaye katika mswada alionyeshwa waziwazi mno kuwa kama mtakatifu aliyeonana na Mungu. Golding alikubali. Kitabu kilitoka mwezi wa Septemba 1954 kwa jina jipya, Lord of the Flies, na mwaka 1983 mwandishi wake alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Je, ushauri ule ulikuwa na maana gani? Mwanafunzi na akifungue kitabu hicho atazame kinavyoanza leo. Twakutana na Ralph, mvulana anayeshuka katika mawe kuelekea ufukoni, na nyuma yake Piggy mwenye miwani. Twadhani kwamba tutasoma mchezo wa watoto kisiwani, wala hatuna hofu. Hofu hutuingia kidogo kidogo, kama inavyowaingia watoto wenyewe, mpaka damu inapomwagika. Kama tungalianza na vita, tungalijua mapema kwamba dunia imeharibika, na uovu wa watoto usingalitushtua. Kadhalika Simon: kwa kuwa hatuelezwi waziwazi yeye ni nani, twalazimika kumtafakari. Basi wale waliokataa mswada walikosea kwa kuitupa nyumba nzima, lakini hawakukosea kama waliona mlango ni mbovu. Sifa ya Golding ni mbili: alistahimili, na dawa ilipokuja, sikio lake lilisikia.

Sasa tumtazame Bibi Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Nyanza na kufariki mwaka 2015. Alisomea uuguzi Uganda na Uingereza, na toka utotoni aliwahi kusikia masimulizi ya kale kutoka kwa nyanya yake. Alipoanza kuandika, alipeleka hadithi zake fupi kwa meneja wa East African Literature Bureau, ofisi ya vitabu iliyoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1948. Katika mahojiano alisimulia baadaye jinsi alivyopokewa. Hawakuelewa jinsi mwanamke Mkristo awezavyo kuandika habari za kafara na dawa za kienyeji, badala ya kuandika habari za wokovu.

Moja ya hadithi hizo ndiyo ile tunayoijua leo kwa jina The Rain Came. Nchi imekauka, na mganga wa mvua amwambia mtawala Labong'o kwamba binti yake, Oganda, hana budi kutolewa kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Baba alia, lakini akubali. Watu wamwimbia binti na kumfanyia karamu, naye aenda peke yake njia ya ziwani. Huko mchumba wake, Osinda, amwokoa, nao wakimbia pamoja. Ndipo mawingu yatanda, ngurumo zalia, na mvua yanyesha.

Mtu asomaye haraka huona kafara tu. Asomaye kwa makini ataona kwamba kafara haikutimia, na hata hivyo mvua imenyesha. Je, mvua ilihitaji damu ya Oganda? Au ilikuja kwa wakati wake, bila kumjali mganga? Mwandishi hatujibu. Atuacha na swali ambalo ofisi ile ingaliweza kuliona kama ingalisoma mpaka ukurasa wa mwisho kwa moyo mweupe. Haikosekani kasoro katika hadithi hii. Mhakiki aweza kusema kwamba Osinda atajwa kidogo mno kabla ya kutokea, hata wokovu wa Oganda waonekana kuja kwa ghafula. Hilo lingalikuwa neno la kumsaidia mwandishi. Lakini neno aliloambiwa halikuhusu ufundi wa hadithi; lilihusu mambo ambayo mtu wa namna yake aliruhusiwa kuyasema.

Bibi Ogot hakuandika hadithi za wokovu ili apokewe. Mwaka 1962 aliisoma hadithi hiyo, ikiitwa A Year of Sacrifice, katika mkutano wa waandishi wa Afrika huko Makerere. Aliona kwamba hakuna kazi nyingine za waandishi wa Afrika Mashariki zilizowekwa pale, na jambo hilo lilimtia ari. Mwaka 1963 hadithi ilitokea Nigeria katika gazeti la fasihi liitwalo Black Orpheus. Mwaka 1966 East African Publishing House walichapisha riwaya yake The Promised Land, na mwaka 1968 mkusanyo wa hadithi zake, Land Without Thunder. Mlango mmoja ulipofungwa, hakuibadili sauti yake. Alitafuta mlango mwingine.

Tukiwalinganisha waandishi hawa, twaona kwamba mmoja alibadili kazi yake na mwingine akakataa kuibadili, na wote wawili walifanya vyema. Tofauti yao haikutokana na ukali wa tabia. Golding aliambiwa jambo la kweli juu ya umbo la kitabu chake. Ogot aliambiwa aache mambo ambayo ndiyo uhai wa hadithi yake. Subira ya mwandishi, basi, si kungoja tu. Ni kazi ya akili: kupima kila katazo na kutambua kama lahusu jinsi alivyosema au lile alilokusudia kusema.

Nanyi wanafunzi, insha ikirudishwa ikiwa na alama nyingi za wino mwekundu, msiichane kwa hasira, wala msiibadili yote kwa woga. Isomeni tena pamoja na alama zake, moja moja. Zile zinazosema kweli juu ya mpango na lugha, zifuateni mara moja, hata kama zauma. Lakini ikiwa mmeona jambo kwa macho yenu wenyewe na mkalieleza kwa uaminifu, lishikeni, mkatafute namna iliyo bora zaidi ya kulieleza.