Daftari la Mikanda: Nilivyomsoma Laura Fair Nikiwa Kimandolu

Tukizungumzia historia ya sinema Tanzania, wengi wetu tunarukia majina ya filamu na waigizaji. Laura Fair, kwenye Reel Pleasures (2018), anaanzia pengine: kwa wenye kumbi, wasambazaji na watazamaji waliopanga foleni. Nimekisoma polepole, na nakisifu bila kinyongo. Nina ugomvi nacho mmoja tu, na ugomvi huo umelala juu ya kabati la mzee mmoja hapa Kimandolu.

Kwanza sifa. Kitabu kinaonyesha kwamba filamu ya kigeni haikufika kwetu kwa upepo. Kuna mtu aliyeiagiza Bombay au London, akailipia, akaipitisha kwa wakaguzi, akaikodisha kwa wenye kumbi, kisha akaisafirisha mji hadi mji. Ukumbi wa Royal ulifunguliwa Zanzibar mwaka 1921, na kuanzia hapo ni hadithi ya wafanyabiashara, wengi wao Watanzania wenye asili ya Asia, waliojua kwamba Awara ya Raj Kapoor ingejaza viti kuliko filamu nyingi za Hollywood. Biashara hiyo ilikuwa na tiketi, kodi na mikataba. Hata dola ilipoingia, kupitia Tanzania Film Company iliyoanzishwa mwaka 1968, makaratasi yaliendelea kuzaliana. Mtafiti anayafuata makaratasi hayo, anayaunganisha na kumbukumbu za watu waliohojiwa, na picha inatoka safi.

Sasa ugomvi. Uzito wa kitabu uko Zanzibar na Dar, na uko zama za kumbi. Sisi wa Kimandolu tungepanda kifodi kushuka mjini ili tuione Metropole, na wengi wa rika langu waliiona kwa nje tu. Sinema yetu ilikuwa banda la video: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, televisheni moja, na sauti ya Lufufu ikitafsiri kila ngumi kwa Kiswahili. Ukitaka kuangalia nyumbani, unakwenda maktaba ya video kukodi. Biashara hii haikuwa na mkataba na mtu yeyote nje ya nchi. Mkanda ulinakiliwa, baadaye ikawa CD, na nakala haina risiti. Kwa hiyo makaratasi yanakatika palepale watu wa kawaida wa mitaani walipoanza kuangalia filamu kwa wingi. Mwanahistoria anayeamini makaratasi peke yake atadhani sinema ilikufa. Wapi! Ilihamia uchochoroni.

Makaratasi kidogo yapo lakini. Mzee niliyemtaja alikuwa na maktaba ya video mpaka simu na flashi zilipommaliza. Nilikwenda kumwamkia mwezi uliopita, nikamuuliza kama alibakiza chochote. Akashusha daftari kubwa, jalada gumu, limeliwa na mende pembeni.

Ndugu msomaji, lile daftari ni uhakiki wa filamu kuliko mengi tunayoandika humu. Filamu haziandikwi kwa majina yake. Zinaandikwa kwa kile kilichomgusa mteja: "Jet Li ya mnyororo", "Skofild CD ya 3", "Kuch Kuch (inakwama mwisho)". Karishika ya Nigeria imeandikwa "ya shetani". Huyo aliyeandika alikuwa anatunga muhtasari wa maneno matatu kila siku, na mteja akimwelewa papo hapo. Halafu angalia majina ya wakopaji. Mama yuleyule anayechukua Kihindi Ijumaa anachukua Dar 2 Lagos ya Kanumba Jumapili. Mwaka 2017 wasanii wa Bongo Movie walipoandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa holela, hoja ilielezwa kama vita kati ya watazamaji wa aina mbili. Daftari linasema mtazamaji ni mmoja, na ana njaa ya vyote.

Ila lisitupofushe. Lina safu ya jina, safu ya CD, tarehe, bei, na "imerudi". Hakuna safu ya mtengeneza filamu. Hakuna hata shilingi moja inayoondoka Kimandolu kwenda kwa aliyeipiga picha ile, awe Mumbai, Lagos au Sinza. Msambazaji wa zamani anayeelezwa na Fair alikuwa mfanyabiashara mkali, lakini filamu aliilipia. Wetu alituletea dunia nzima kwa shilingi 500 kwa usiku, na waandamanaji wa 2017 walikuwa na haki ya kuuliza fedha zao ziko wapi. Tunayempenda na aliyewanyima wenzake ni mtu mmoja, na historia itakayoandikwa lazima imbebe hivyohivyo, mzima.

Nilimwomba anipe nikapige picha kurasa zote. Akatikisa kichwa.

"Humo kuna madeni ya watu, kijana wangu. Wengine wameshatangulia mbele ya haki. Nikuachie uwaanike?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Hatari ya kweli ni kwamba jirani yake anauza vitumbua, na madaftari mengine mawili yameshaishia kufungia vitumbua hivyo. Tulikubaliana jambo dogo: nikae pale pale sebuleni, ninakili majina ya filamu na tarehe, majina ya watu niyaache. Nimefika ukurasa wa 12.

Kisome kitabu cha Fair ukikipata. Halafu muulize mjomba wako aliyekuwa na banda la video kama daftari bado lipo, na umwambie asiliuze kwa kilo.