Tone Moja, Duara Moja

Nesi ninayemtazama hapa kituo cha afya cha Mabawa, Tanga, bado hajagusa pamba. Ameketi karibu na mama aliyempakata mwanawe mwenye homa, anamweleza: ni matone machache ya damu, yatasomwa vinasaba maabara ili ijulikane kama vimelea vya malaria vimeanza kuzoea dawa; akikataa, mtoto atatibiwa vilevile. Mama anauliza, "Haitauzwa, dada?" Nesi hakerwi. Anajibu, kisha anarudia maelezo tangu mwanzo, maana hataki ridhaa ya kuona haya. Mama anatia sahihi.

Ndipo anavaa glavu. "Lete mkono, baba." Anachagua kidole cha pete, anakisugua kipate joto, anakifuta kwa spiriti, anasubiri. Wenye haraka huharibu hapa: spiriti isipokauka, damu hutawanyika na tone halikai. Anachoma pembeni ya ncha, ambako hakuumi sana. Tone la kwanza analifuta kwa pamba kavu. La pili ni la kipimo cha haraka, kwani mtoto amekuja kutibiwa. Yanayofuata ndiyo ya utafiti.

Karatasi chujio imechapwa maduara. Anaishusha ncha ya kidole mpaka tone liguse karatasi, ngozi isiguse. Damu inanywewa, inaenea yenyewe hadi ukingoni. Anageuza: nyuma nako kumejaa sawasawa. Duara likishajaa haongezi tone juu yake, na kidole hakikamui, maana kukamua huleta majimaji ya mwili yakazimua damu. Mtoto anaguna tu. Karatasini anaandika namba, jina haliandikwi. Namba hiyohiyo kwenye fomu na kwenye mfuko, akiisoma kwa sauti.

Kipimo kimetoa mistari miwili: ni malaria. Mama anapewa dawa mseto na maelekezo, anaondoka. Kazi ya karatasi inaendelea.

Hewa ya pwani yetu ina unyevu, hasa masika. Karatasi zinalazwa zisigusane, mbali na jua na vumbi, saa nyingi, pengine usiku kucha. Damu ikifungwa mbichi huota ukungu, vinasaba vikaharibika. Anarudi kuzikagua, anaziacha tena. Zikishakuwa kahawia iliyokolea, kila moja inapata mfuko wake wenye zipu na kipakiti cha silika cha kunyonya unyevu.

Maabara, kama ile ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) hapa Tanga, mtaalamu atakata kijipande cha duara hilo na kutoa vinasaba. Kwa madoa kama haya, yaliyokusanywa vituoni mwaka 2021, watafiti wa Tanzania waligundua Kagera vimelea vyenye badiliko la jeni ya kelch13, ambalo hufanya artemisinini, iliyomo katika dawa mseto, ichelewe kuviua. Doa lililoota ukungu lisingewaambia kitu.

Mnaoandika ripoti za utafiti huu, waingizeni wauguzi kwenye orodha ya waandishi. Aya ya shukrani haiwatoshi.