Usiku wa Kwanza: Ushuhuda wa Madijei wa Soul kama Utanzu wa Usimulizi

Utangulizi

Masimulizi ya madijei wa muziki wa soul yamepata nafasi imara katika maandishi ya Kiingereza tangu miaka ya 1990. Russ Winstanley na David Nowell walichapisha Soul Survivors mwaka 1996. Bill Brewster na Frank Broughton walifuatia na Last Night a DJ Saved My Life mwaka 1999, kisha wakakusanya mahojiano yao katika The Record Players mwaka 2010. Ni rahisi kuvisoma vitabu hivi kama ghala la habari tu: nani alipiga santuri gani, katika ukumbi upi, mwaka gani. Makala haya yananuia kuvitazama kwa jicho jingine. Yanateua sehemu moja inayojirudia katika masimulizi hayo, yaani kumbukumbu ya usiku ambao dijei alisimama mbele ya umati kwa mara ya kwanza. Hoja kuu ni kwamba sehemu hiyo ni utanzu wa usimulizi wenye kaida zake, na kwamba kaida hizo ndizo huamua nani atakayekumbukwa na nani atakayesahauliwa.

Suala hili linamhusu moja kwa moja mwanafunzi wa fasihi simulizi. Mulokozi (1989) amesisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati. Kwa kigezo hicho dijei ni kiumbe mwenye utata. Hatungi wimbo, hauimbi, wala hapigi ala. Kazi yake ni kuteua, kupanga na kuwasilisha sauti ya mtu mwingine, aghalabu mtu aliye mbali au aliyekwisha kufa. Je, huyu ni fanani au ni mtumishi wa mashine? Madijei hawalijibu swali hili kwa nadharia. Hulijibu kwa kisa. Kisa hicho ndicho cha usiku wa kwanza.

Wito Usiotafutwa

Tuanze na mifano miwili. Roger Eagle, ambaye jina lake limeshikamana na klabu ya Twisted Wheel iliyofunguliwa Manchester mwaka 1963, anakumbukwa kwa kisa cha furushi. Alikuwa ameketi mkahawani na santuri za Wamarekani weusi alizoziagiza kutoka ng'ambo, ndipo mwenye mahali akamwuliza kama anaujua muziki ule, kwa kuwa alikusudia kuugeuza mkahawa kuwa klabu. Eagle akatoka na kazi. Francis Grasso, naye, alikuwa mteja wa kawaida katika klabu moja ya New York mwishoni mwa miaka ya 1960. Usiku mmoja dijei wa ukumbi, Terry Noel, alichelewa. Grasso akaulizwa kama angependa kujaribu. Noel alipofika alikuta nafasi yake imekwisha kuchukuliwa.

Visa hivi vimetenganishwa na bahari, lakini msuko wao ni mmoja. Mhusika hatafuti cheo, cheo kinamtafuta. Yupo mahali pafaapo, ana mzigo ufaao, na sauti ya mwenye mamlaka inamwita. Motifu ya wito usiotafutwa inafahamika vyema katika ngano na katika visa vya mashujaa, na kazi yake ni ile ile: kumwondolea mhusika shutuma ya tamaa. Aliyeitwa hawezi kulaumiwa kwa kujipendekeza.

Hata hivyo, wito huficha kazi. Albert Lord (1960), katika utafiti wake wa waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, anaonyesha kwamba mwimbaji hupitia hatua tatu: kwanza husikiliza, kisha hujaribu kuimba, na hatimaye hukabili hadhira iwezayo kumpima. Masimulizi ya madijei huiangaza hatua ya tatu na kuitia giza hatua ya pili. Furushi la Eagle halikuanguka kutoka mbinguni. Lilitanguliwa na barua, fedha, miezi ya kungoja na masikio yaliyokwisha kunolewa. Neno "bahati" linapotajwa katika ushuhuda huu, mhakiki hana budi kuuliza ni jasho gani lililofunikwa nalo.

Kisa cha Grasso kina funzo la ziada. Usiku wake wa kwanza ndio uliokuwa usiku wa mwisho wa Noel katika ukumbi ule. Noel naye alikuwa na madai yake: kwamba alikuwa akiunganisha santuri moja na nyingine katika klabu ya Arthur kabla Grasso hajasikika. Kila mwanzo, basi, una mtu uliomsukuma nje, na utanzu huu hauna nafasi rasmi kwa ajili ya huyo aliyesukumwa.

Usiku Unaoteuliwa

Tarehe 23 Septemba 1973, saa nane za usiku, ukumbi wa Wigan Casino kaskazini mwa Uingereza ulifungua milango kwa ngoma ya kukesha iliyoendelea hadi asubuhi. Winstanley ndiye aliyemshawishi mwenye ukumbi, Gerry Marshall, akubali jambo hilo. Usiku huo umekuwa mwanzo wa enzi katika masimulizi ya kile kilichoitwa Northern Soul, jina lililobuniwa na mwandishi Dave Godin miaka michache kabla yake. Lakini Winstanley hakuwa mgeni mbele ya umati. Alikwisha kupiga santuri katika klabu ya raga mjini humo, na umaarufu alioupata huko ndio uliompa ujasiri wa kubisha hodi Casino.

Hapa inadhihirika sifa muhimu ya utanzu huu: usiku wa kwanza hautokei tu; huteuliwa. Msimulizi hupitia nyusiku zake nyingi na kuupa mmoja hadhi ya mwanzo, kwa kuwa huo ndio unaoanza kisa anachotaka kukisimulia. Alessandro Portelli (1991) ameonyesha jambo linalokaribiana na hili katika mji wa Terni, Italia. Mfanyakazi Luigi Trastulli aliuawa mwaka 1949 katika maandamano ya kupinga NATO, lakini wasimulizi wengi walikihamishia kifo chake mwaka 1953, wakati wa mapambano dhidi ya kufukuzwa kazi kiwandani. Portelli hakulichukulia kosa hilo kama dosari ya kutupwa. Alilisoma kama ufunguo wa maana ambayo jamii ilikipa kifo kile. Vivyo hivyo, mhakiki wa ushuhuda wa dijei asiridhike kuuliza kama kweli ule ulikuwa usiku wa kwanza. Aulize kwa nini ndio ulioteuliwa.

Kosa na Kicheko

Kaida nyingine ya utanzu huu ni kosa: sindano inayoteleza, santuri isiyo sahihi, ulimi unaokauka. Mfano ulio bora zaidi unatangulia enzi ya soul yenyewe, nao unatoka redioni. Mwezi Oktoba 1948, Nat D. Williams, mwalimu wa historia mjini Memphis, aliketi mbele ya kipaza sauti cha kituo cha WDIA. Kituo hicho kilimilikiwa na Wazungu, na hakikuwa kimewahi kumpa mtangazaji mweusi nafasi kama hiyo. Zamu yake ilipofika, maneno yalimtoroka. Akaangua kicheko. Kicheko hicho kikawa alama yake kwa miaka yote aliyotangaza, na kituo kile kikawa shule ya sauti kama ya Rufus Thomas, mtangazaji ambaye baadaye aliimba soul katika studio za Stax.

Katika masimulizi mengi ya madijei, kosa ni kiungo cha taharuki tu: msomaji anajua kwamba litatatuliwa. Katika kisa cha Williams kosa lina uzito mwingine. Mbele yake hapakuwa na sakafu ya kuangalia wala uso wa kumpa moyo. Palikuwa na umati usioonekana, weusi wakingoja kusikia mtu wao, na wengine wakingoja aanguke. Kucheka katika hali hiyo ni kukiri woga na kuushinda kwa pumzi moja. Dijei wa Wigan akikosea alipoteza wachezaji kwa dakika tatu. Williams angeweza kuwafungia wenzake mlango. Kwa hiyo si halali kuzichukua kumbukumbu hizi zote kana kwamba zina gharama moja. Kaida ni ile ile, dau ni tofauti.

Sakafu kama Hakimu

Hadhira katika ushuhuda huu hujitokeza kwa jina moja: sakafu. Sakafu ilijaa, sakafu ilikufa, sakafu ilirudi. Hii ni metonimia yenye nguvu. Wigan Casino haikuuza pombe katika kesha zake, na vijana wengi walisafiri mwendo mrefu baada ya juma zima la kazi kwa ajili ya kucheza tu. Hukumu yao, kwa hiyo, ilitolewa kwa miguu. Wall (2006) ameonyesha kwamba katika ulimwengu huu uchezaji wenyewe ulikuwa maarifa: mchezaji aliuthibitisha uanachama wake kwa namna alivyoujua wimbo mwilini. Hali hii inakaribiana na hadhira ya ngano, ambayo huitikia, hupokea wimbo na kumrudi fanani anapopotoka.

Tofauti ipo katika kumbukumbu. Fanani wa ngano huwataja waitikiaji wake, mara nyingine kwa majina, maana ni jirani zake. Katika ushuhuda wa dijei, watu huyeyuka na kuwa sakafu. Hakimu anatajwa, lakini hana uso. Huu ni udhaifu wa kifani na wa kimaadili pia, kwa kuwa wachezaji hao ndio waliomfanya mteuzi wa santuri kuwa fanani.

Jina Lililofunikwa

Kuna ukimya mzito zaidi. Madijei wa Northern Soul walishindana kwa uhaba wa santuri, na ili mpinzani asiweze kuitafuta santuri aliyoisikia, walifunika lebo yake na kumpachika mwimbaji jina la uongo. Frank Wilson alirekodi "Do I Love You (Indeed I Do)" mwaka 1965 chini ya Motown, kwa lebo iliyoitwa Soul. Wimbo haukutolewa rasmi na nakala zake zikaharibiwa, isipokuwa chache mno. Ulipopigwa Wigan miaka zaidi ya kumi baadaye, umati uliambiwa kwamba mwimbaji ni Eddie Foster. Mwaka 2009 nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000.

Tenzi nyingi za Kiswahili huwa na kaida inayokinzana na tendo hili. Mtunzi hujitaja katika beti za mwisho, ili kazi isipotee njia na kuangukia mikononi mwa mdai mwingine. Lebo iliyofunikwa ni ubeti wa mwisho uliokatwa. Na si sadfa kwamba katika kumbukumbu za usiku wa kwanza, shujaa ni aliyeipata santuri, si aliyeiimba. Kijana mweusi aliyesimama mbele ya kipaza sauti cha Detroit au Chicago alikuwa na siku yake ya kwanza pia, lakini siku hiyo haisimuliwi hapa.

Haki inadai upande wa pili usikizwe. Bila madijei hawa, nyimbo nyingi zingebaki ghalani. Baadhi ya waimbaji walipata jukwaa jipya kwa sababu yao: Major Lance, mathalani, aliimba katika ukumbi wa Torch huko Stoke-on-Trent mwaka 1972, na onyesho lake likarekodiwa. Kufufua ni fadhila. Lakini anayemfufua mtu kisha akamnyima jina lake, fadhila hiyo imepungua.

Mwangwi wa Dar es Salaam

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba mjadala huu ni wa ughaibuni. Mwezi Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani nchini Tanzania ulipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam, katika mwaka ule ule ambao Operesheni Vijana ilikuwa ikipambana na sketi fupi na suruali za kubana. Ivaska (2011) ameonyesha jinsi agizo hilo lilivyozua mabishano magazetini. Wapo waliouona muziki huo kuwa uchafu wa kigeni. Wapo pia waliouliza ni vipi taifa linaloshikamana na mapambano ya watu weusi linaweza kuikataa sauti yao.

Mahali kama hapo, kumbukumbu ya mpiga santuri haiwezi kufuata kaida ya Wigan. Swali lake si kama sakafu itajaa, bali kama mlango utaachwa wazi. Ushuhuda wa waliopiga soul katika miji ya Afrika Mashariki unastahili kukusanywa wangali hai, nao yamkini utauvunja utanzu huu na kuuunda upya.

Hitimisho

Wigan Casino ilifunga makesha yake tarehe 6 Desemba 1981, na santuri iliyofungia pazia ni ile ya Frank Wilson. Dijei alichagua kuaga kwa sauti ya mtu ambaye wachezaji waliwahi kuijua kwa jina lisilo lake. Kinaya hicho kinaujumlisha utanzu mzima: sauti imehifadhiwa kwa mapenzi makubwa, ilhali mwenye sauti amewekwa pembeni. Mkusanyaji wa ushuhuda wa aina hii, basi, asiishie kwenye swali la lini na wapi. Amwulize msimulizi ni nani aliyeondoka ili yeye aingie, ni nani hasa aliyekuwa akicheza, na ni nani aliyekuwa akiimba.