Kuflashi Ruta kwa Betri ya Sola

Akitaka kuflashi ruta, yaani kuiandikia programu mpya, fundi ninayemstahi huanza kwa kuigeuza tumbo juu asome kibandiko. TL-WR841N ya TP-Link imetoka kwa matoleo mengi yenye jina moja: la 8 lina chipu ya Atheros, la 13 lina ya MediaTek. Programu ya moja ikiandikwa kwenye nyingine, ruta inaweza isiwake tena. Kibandiko kikiwa kimefutika, fundi hakisii. Anafungua ganda na kusoma chipu yenyewe kwa tochi ya simu.

Hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, ruta ikifa hufuatwa nyingine mjini Mbarara, na nauli ya kwenda na kurudi ni posho ya watoto. Basi kwa nini kuihatarisha? Kwa sababu ya programu ya OpenWrt, iliyoanza mwaka 2004 baada ya Linksys kulazimika kutoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G, uliokuwa na Linux ndani. Programu hiyo huifanya ruta ya bei nafuu igawe kifurushi kimoja cha intaneti kwa watu wengi bila mmoja kukimaliza. Toleo la 8, lenye MB 4 tu za hifadhi, halifai tena kwa OpenWrt ya leo, na fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo kabla ya kupokea hela.

Kinachonivutia zaidi ni nakala anayoichukua kabla ya kuandika. Ndani ya ruta za Atheros kuna sehemu iitwayo ART, yenye vipimo vya redio vya ruta hiyo moja. Ikifutika bila nakala, huwezi kuipakua popote. Hata ruta ya toleo lilelile ina vipimo vyake. Kwa hiyo fundi anabana chipu ya hifadhi kwa klipu ya CH341A, kifaa cha kusomea chipu. Lakini kwanza anachukua mita na kupima volti, maana vifaa vingi vya aina hiyo hutoa volti 5 kwenye nyaya za data, na chipu inataka 3.3. Anasoma mara mbili, analinganisha alama ya SHA256 ya nakala zote mbili, na zikitofautiana hata kidogo anasafisha miguu ya chipu na kurudia. Hapo uvumilivu wake ni mzuri kuutazama.

Hategemei umeme wa ukutani. Ruta inakula volti 9 kutoka betri ya sola kupitia kipunguza volti, kompyuta imejaa chaji, na kati yao kuna waya, si Wi-Fi. Kisha anaandika, na mikono inakaa mezani.

Kuna kitu kimoja hakigusi: programu ndogo ya kuwashia. Mengine yote yakiharibika, ukibonyeza kitufe cha kuweka upya (reset) wakati wa kuwasha, 841N nyingi zitatafuta faili la kujiponya kwenye kompyuta yenye anwani 192.168.0.66. Programu hiyo ndogo ikifutwa, hakuna wa kulitafuta.