Namna Firmwea Inavyoamua Kwamba Kitufe Kimebonyezwa

Kibao cha namba cha mita ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, katika nyumba ya kata ya Suma, wilayani Rungwe, na kibodi ya kimakanika iliyoundwa kwa mkono, yaani ile ambayo kila kitufe chake kina swichi na springi yake, hutofautiana kwa bei na matumizi, lakini huikabili kazi moja. Firmwea, ambayo ni programu iliyohifadhiwa ndani ya kifaa ili kukiendesha, haikioni kidole wala haijui nia ya mwenye kidole. Inachosoma ni volti kwenye pini za maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, na kutokana na volti hiyo hutakiwa kuamua ni kitufe kipi kilichobonyezwa, na kimebonyezwa mara ngapi.

Swali la kitufe kipi ndilo jepesi. Vitufe 12 vya kibao cha namba vikipangwa katika safu mlalo 4 na safu wima 3 huhitaji pini 7 tu badala ya 12, na faida hukua kadiri vitufe vinavyoongezeka, kwa kuwa kibodi ya vitufe 61 yenye safu mlalo 5 na safu wima 14 huhitaji pini 19, ilhali ATmega32U4, maikrokontrola iliyozoeleka kwa waundaji wa kibodi, ina pini 26 za kuingizia na kutolea ishara. Safu wima hushikiliwa kwenye volti ya juu kwa rezista, kisha firmwea huzishusha safu mlalo hadi sifuri, moja baada ya nyingine, na kila mara husoma safu wima zote: safu mlalo ya 3 ikishushwa na safu wima ya 1 ikaonekana nayo imeshuka, basi kilichobonyezwa ni 7. Vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja kwenye pembe za mstatili, mathalani 1, 3 na 7, umeme hupata njia ya kuzunguka na 9 huonekana imebonyezwa bila kuguswa na mtu, mithili ya mfanyakazi hewa katika orodha ya mishahara. Kibodi huzuia hali hiyo kwa kuwekewa diodi, kifaa kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kwenye kila swichi. Kwa mita, ambako namba huingizwa moja moja, inatosha firmwea kukataa usomaji wowote wenye vitufe zaidi ya kimoja.

Ugumu umo katika kuhesabu. Vipande viwili vya metali vinapokutana ndani ya swichi havitulii papo hapo, bali hudunda, vikigusana na kuachana mara kadhaa kabla ya kushikana. Jack Ganssle, mhandisi wa Marekani aliyepima swichi za aina mbalimbali, alipata wastani wa mdundo wa takriban milisekunde 1.6, ingawa nyingine zilizidi milisekunde 6, na kampuni ya Cherry ya Ujerumani hutaja milisekunde 5 kuwa kikomo cha swichi zake za MX. Firmwea inayosoma kila milisekunde na kuamini kila inachosoma yaweza, kwa hiyo, kuona kitufe kimeshuka, kimepanda, kimeshuka, na kuandika herufi mbili kwa bonyezo moja.

QMK, firmwea huria ya kibodi nyingi za kimakanika, hutoa njia zaidi ya moja za kuuchuja mdundo huo. Njia yake ya kawaida husubiri usomaji utulie kwa milisekunde 5 ndipo itoe taarifa kwa kompyuta; nyingine hutoa taarifa mara tu mguso wa kwanza unapoonekana, kisha hufumbia macho mabadiliko yote ya kitufe hicho kwa milisekunde 5. Ya pili ni ya haraka na hupendwa na wacheza michezo ya kompyuta, lakini haina kinga yoyote dhidi ya mshtuko wa umeme unaopita kwenye waya, kwani hata mshtuko huo huhesabiwa kuwa ni kidole.

Kwa mita ya LUKU, kusubiri ndiko kunakostahili, na kwa muda mrefu zaidi ya huo. Tokeni, yaani namba anayopewa mteja anaponunua umeme, ina tarakimu 20, na tarakimu moja ikijirudia mita huikataa yote, kwa sababu ndani ya tokeni mna namba ya uhakiki. Kosa moja katika kila mabonyezo 100 lingeharibu takriban tokeni 18 katika kila 100, na mwaka 2024, wateja wa shirika la umeme la TANESCO walipotakiwa kuingiza makundi matatu ya tarakimu 20 ili kuboresha mita zao, kiwango hicho kingewakwamisha karibu 45 kati ya kila wateja 100. Kuchelewa kwa milisekunde 30 hakuonekani na mtu anayenakili namba kutoka kwenye ujumbe wa simu.

Rungwe ina jambo lake la ziada, nalo ni unyevu, kwa kuwa maeneo ya Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Katika vibao vya mpira, ambavyo mguso wake ni kipande cha kaboni, uchafu na unyevu hupandisha ukinzani wa mguso. Rezista inayoishikilia safu wima kwenye volti ya juu huweza kuwa ndani ya maikrokontrola yenyewe; ile ya ATmega32U4, kwa mfano, ina kiloomu 20 hadi 50. Ikiwa ni 50 na mguso uliochakaa una kiloomu 100, volti 5 hushuka hadi 3.3 tu, kiwango ambacho maikrokontrola bado hukisoma kuwa ni cha juu, na mtumiaji hubonyeza kwa nguvu bila mafanikio. Hapo uchujaji wa mdundo hausaidii kitu.

Kwa swichi za metali, uchakavu huja kwa sura nyingine: mdundo hurefuka kupita milisekunde 5 na herufi huanza kujirudia, kasoro inayomwumiza zaidi mwandishi wa Kiswahili kwa kuwa "atakufa" hugeuka "atakufaa", na hakuna programu ya kusahihisha tahajia itakayoligundua kosa hilo. Muda wa uchujaji waweza kupandishwa hadi milisekunde 10 au 15 bila kuzidhuru irabu mbili zilizokusudiwa, kwani kidole huchukua muda mrefu zaidi ya huo kuinuka na kushuka tena. Swichi ikiendelea kurudia hata baada ya hapo, hufumuliwa risasi na kubadilishwa.